Nyayo za Ruksa

Majani makavu yana sauti yake yakikanyagwa na mtu asiyetaka kusikika. Si ile sauti ya mtu anayekwenda shambani na jembe lake begani. Hii inajibana: inakatika, inangoja, inaanza tena. Niliisikia mwezi uliopita sebuleni kwangu hapa Bariadi mjini, alasiri, nikiwa nachambua dengu, na nawaambia kweli ungo ulitaka kunitoka mikononi. Hapakuwa na majani wala mtu wa kunivizia. Alikuwa Minza, binti wa kaka yangu Masanja, aliyekuja likizo kutoka Mwanza na kompyuta yake, anacheza gemu la kuwinda.

"Usishtuke, Shangazi," akasema bila hata kugeuka. "Namfuata mnyama."

Nikavuta kigoda nione. Kwenye kioo palikuwa na pori, na nyayo zimeng'aa kana kwamba kuna mtu amezipaka chokaa, jambo ambalo lilinichekesha, maana sijawahi kuona nyayo zenye huruma kiasi kile. Kila baada ya muda yanatokea maandishi ya kumfunza mwindaji mgeni, naye Minza ananitafsiria. Inama, ukienda wima utaonekana. Angalia upepo, usiupe mgongo. Mavi yakiwa mabichi, mnyama yuko karibu. Nikamwambia mambo hayo yote nilifundishwa kabla meno ya utoto hayajaisha kinywani, tena bila umeme.

"Na nani?"

"Na babu yako."

Hapo akasimamisha gemu, akanigeukia na jicho la utani. "Babu yupi, Shangazi? Si huyohuyo Mzee Zimeishia, aliyeshindwa kumfuata maksai wake mwenyewe?"

Dengu zikanishinda. Mtoto hana kosa, ndivyo alivyosikia, na ndivyo watu wote wa kwetu walivyosikia. Baba yangu alizikwa na jina hilo. Wazee wawili walilitaja hata pale kaburini, wakacheka huku wanalia, nami nikawaangalia tu. Basi sogeeni niwaambie jina hilo lilikotoka, kwa sababu nilikuwepo, na kwa miaka mingi hata mimi niliyekuwepo sikujua nilichokiona.

Kwetu ni upande wa Mwamapalala. Baba aliitwa Maduhu. Ujanani alikuwa mwindaji, enzi ambazo pori lilikuwa halijawekewa mipaka. Kuwinda kulipokuwa kosa la jela, akauacha upinde, akashika pamba na mtama, lakini macho hayakuacha. Mkienda naye kisimani anasimama katikati ya njia, anatazama vumbi, anasema, "Mama Holo amepita na ndoo imejaa, tena leo anamkasirikia mtu." Na kweli, mbele mnamkuta Mama Holo amenuna. Hakuna aliyetembea kijijini kwetu kwa siri wakati Baba yuko hai.

Masanja, kaka yangu, hakuwa na subira ya mambo hayo. Mimi nilikuwa nayo. Tukiwa machungani Baba ananionyesha kanga walipokunywa maji, kisha tunawafuata kimya kimya, si kwa kuwaua, kwa kujifunza tu. Kosa la kwanza lililofanya nitandikwe fimbo ya mguu lilikuwa kukanyaga unyayo wa kanga nikiwa na kimbelembele cha kuutazama. "Usikanyage unachokisoma," akaniambia. "Ukishakanyaga, unasoma mguu wako mwenyewe." Alinifundisha kugusa mavi kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja cha mtoto anayeshika jembe hakisikii joto. Alinifundisha kungoja. Hilo la kungoja, ndugu zangu, lilinitoa machozi kuliko fimbo.

Sasa kuhusu Ruksa. Ilikuwa miaka ile neno hilo lilipokuwa kwenye kila mdomo. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na khanga, mnadani mitumba ilimwagwa chini watu wakachagua mpaka wakachoka, na malori ya wanunuzi wapya wa pamba yalianza kuingia vijijini yakigombea mizani. Ukiuliza lolote unajibiwa ruksa. Baba alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mkubwa aliitwa Foleni, alizaliwa enzi za kupanga mstari kusubiri sukari, na tabia yake ilikuwa hiyohiyo, anasimama mpaka umwambie. Mdogo, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, Baba akamwita Ruksa. Watu walikuwa wakipita shambani kwetu makusudi wamsikie Baba akipiga kelele nyuma ya plau: "Foleni, sogea! Ruksa, taratibu!"

Masanja alitaka kwenda Mwanza akauze mitumba. Alimwomba Baba amuuze Ruksa ili apate mtaji. Baba akakataa. Alisema jozi ikivunjika hakuna kulima, na mitumba hailiwi. Waliongea hivyo majira yote ya mavuno, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, na kwa watu wa nyumba yetu sauti ikishuka ndiyo hatari. Siku moja kwenye chakula Masanja akasema, "Nchi nzima ruksa, isipokuwa kwa Mzee Maduhu. Hapa Ruksa kafungwa nira." Mimi nilicheka mpaka ugali ukanipalia. Baba hakucheka. Alimtazama Masanja miguuni, akanawa mikono, akatoka.

Kiangazi kikakomaa. Miti ya pamba ilikuwa imeshang'olewa, imelundikwa shambani inangoja kuchomwa. Siku moja Masanja akatuaga kwamba anasindikiza lori la pamba hadi kiwandani Maswa. Asubuhi iliyofuata Mama akaenda zizini kukamua, akarudi na kibuyu kikavu. Miiba ya mlango wa zizi ilikuwa imevutwa na kurudishwa vizuri kabisa, kama alivyoifunga Baba. Foleni alikuwa amesimama pale pale. Ruksa hayupo.

Mama akapiga yowe, ule mwano wetu, ambao ukiusikia unaacha chakula kinywani na kushika silaha. Yowe likadakwa na jirani, likadakwa na jirani wa jirani, mpaka likawa linatujia kutoka upande wa pili. Mpaka leo nikilikumbuka nasisimka mikono. Muda si mrefu uwanja wetu ulijaa sungusungu na pinde zao na filimbi, na mbele yao kamanda Jilala, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ng'ombe wake mwenyewe waliwahi kuibwa wote hakubaki hata ndama. Tangu hapo hakuwa na mzaha na jambo hilo. Mwizi wa ng'ombe akikutwa na ng'ombe mkononi, enzi zile hakuulizwa maswali mengi. Watoto tulilijua hilo, ila hakuna mtu mzima aliyelisema mbele yetu.

"Kijana wako yuko wapi?" Jilala akamuuliza Baba.

"Yuko Maswa na lori la pamba, tangu jana."

"Basi tuongoze wewe. Leo tuna bahati, aliyeibiwa ndiye fundi."

Niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Nyayo za ng'ombe wa wizi zinafuatwa na watu wa kijiji chake mpaka mpakani. Pale wazee wa kijiji cha pili wanazipokea, na kazi yao ni kuzitembeza mpaka waonyeshe zilipotokea. Wakishindwa, zimeishia kwao. Zikiishia kwako, mzigo ni wako, unalipa ng'ombe wewe na watu wako hata kama hujamwona mwizi kwa macho. Kwa hiyo hakuna aliyezipokea nyayo kwa moyo mweupe.

Baba akasema Kabula atamshikia kibuyu cha maji. Kabula ndiye mimi. Hakuna aliyepinga, wala Mama. Tukaondoka, Baba mbele, mimi nyuma yake, wanaume wengine nyuma wakiwa wametawanyika wasiharibu udongo. Nyayo za Ruksa nilizijua hata mimi: kwato ya mbele kushoto ilikuwa imemeguka ncha, inaandika fupi. Nyuma yake palikuwa na mburuzo tu, alama pana zisizo na umbo. Baba akaniashiria kwa kidevu. Mwizi alikuwa amefunga miguu kwa magunia. Huyu mtu ana akili, niliwaza, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mbele yetu hakuna kanga, kuna mtu anayefikiri.

Tulipita kwenye shamba letu la pamba, tukashuka mtoni. Mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu, mkavu, unaomeza nyayo mara zikipita; asiye fundi haoni kitu. Ng'ambo walikuwa wameshasimama wazee wa kijiji cha pili, yowe limewafikia, wameegemea fimbo zao wanatungoja tuwakabidhi. Hawakutusalimia. Hata mimi mtoto niliona jinsi walivyotazama mchanga, wakiomba Mungu zisivuke.

Na hapo chini ya ukingo wa mto, penye kivuli, gunia la mwizi lilikuwa limefunguka mguuni. Nikauona kabla ya watu wote: unyayo mmoja safi wa katambuga, kiatu cha tairi, meno ya tairi yamekaa kwenye mchanga kama yamechongwa, na kisigino kimelika upande wa nje. Nilihisi ninaufahamu. Ulikuwa ukinijia, unajua kitu kinapokuwa kwenye ncha ya ulimi? Nikafungua mdomo. "Baba, hapa..."

Baba akaukanyaga.

Mguu mzima, kisha akaugeuza kidogo kama mtu anayetafuta pa kusimama. Nilitaka kulia kwa hasira. Yeye! Yeye aliyenichapa kwa unyayo wa kanga! Nikamtazama usoni, naye hakunitazama. Uso wake ulikuwa umekauka, umezeeka ghafla, nami nikajiambia ndio uzee wenyewe huu, Baba macho yamekwisha, na watu wote hawa watajua leo.

"Vipi, Maduhu?" Jilala akauliza kutoka juu. "Zinavuka?"

"Ngoja kwanza. Jua linanichanganya."

Haki ya Mungu, sijawahi kusikia jua likimchanganya Baba, si kabla wala baada. Akakaa kwenye jiwe, akavua katambuga zake, akanivuta karibu. Akasema kwa sauti ya kusikika niende ng'ambo kwa shangazi yangu aliyeolewa huko, nikamwambie asitungoje. Kisha akanivalisha zile katambuga yeye mwenyewe, akazikaza kwa kamba ya katani maana zilikuwa kubwa kwangu. "Kuna miiba," akasema. Na akiwa ameinama hivyo, mdomo uko karibu na goti langu, akaendelea polepole.

"Pita katikati ya ngitiri, usipite pembeni. Upepo unatoka wapi?"

"Mashariki, Baba."

"Nenda kama nilivyokufundisha. Ukiona kitu, ng'wana wane, mwanangu, usipige yowe kabla hujakiona uso. Umenisikia? Uso kwanza."

Ngitiri ni malisho yaliyofungiwa, hayaguswi na mifugo mpaka kiangazi kikali, kwa hiyo majani yake yalikuwa marefu kunipita. Ile ilikuwa ya kijiji cha pili. Nilizunguka ili upepo unipige usoni, nikaingia. Hatua chache tu katambuga zikawa zinapiga kelele, pwata, pwata. Nikazivua, nikazining'iniza shingoni, nikaendelea peku, miiba na iniue.

Sikuwa namtafuta mtu. Nataka mlijue hilo. Nilikuwa natumwa kwa shangazi, na nilikuwa nalia kimoyomoyo kwa ajili ya macho ya Baba. Mara nikayaona mavi ya ng'ombe, katikati ya ngitiri ambamo ng'ombe haruhusiwi. Nikayagusa kwa mgongo wa mkono. Yalikuwa ya moto.

Pembeni yake, kwato fupi ya mbele kushoto.

Sikurudi, na sijui kwa nini sikurudi. Nilishuka magoti na viganja, nikatambaa. Majani makavu yana ujanja wake: ukiyasukuma yanapiga kelele, ukiyalaza kwa mkono mmoja mmoja yananyamaza. Upepo ukiyatikisa unasogea, ukitulia unatulia. Nikasogea nao hivyo. Kisha upepo ukaniletea harufu ya Ruksa, harufu ya zizi letu, na kupitia majani nikaliona baka jeupe la tumbo lake, amefungwa kwenye mti wa mgunga. Chini ya mti alikaa mtu. Amenipa mgongo, kichwa amekilaza magotini, kitambaa kimefunika kichwa chote, panga limelala kwenye mchanga karibu na mkono wake.

Ndugu zangu, kwetu ukimwona mwizi na ng'ombe unapiga yowe. Hulifikirii, linatoka lenyewe kama kupiga chafya. Nilivuta pumzi. Ilishajaa kifuani, ulimi umeshapanda juu. Wanaume walikuwa pale mtoni, wangefika kabla vumbi halijatulia, na Baba angepata ng'ombe wake, na mimi ningeimbwa kijiji kizima.

Uso kwanza, alisema.

Nikaibana ile pumzi. Chungu walikuwa wamenipanda pajani wananing'ata, nikawaacha. Mtu yule hakusogea. Nikangoja. Nadhani ndipo nilipoelewa kwa nini Baba alinitesa na kanga wale, kwa sababu hakuna kitu kigumu duniani kama kunyamaza wakati una sauti. Mwishowe mtu akainua kichwa, akavuta kitambaa, akajifuta jasho la uso.

Masanja.

Pumzi ilinitoka yote, bila sauti. Unyayo wa mtoni ukarudi kwenye ncha ya ulimi, na sasa ukawa na jina. Ningewezaje kusahau katambuga zilizokuwa zinalala mlangoni mwetu kila siku?

"Kaka," nikasema.

Akaruka juu na panga. Aliponiona nusura adondoke. "Kabula! Uko na nani?"

"Peke yangu. Wengine wako mtoni. Jilala yupo, na pinde."

Akawa mweupe wa majivu. Hapo hapo filimbi ikalia upande wa mto, ndefu, ile ya kuhama mahali. Tukashikana mikono, yeye mkubwa na mimi mtoto, na sijui nani alikuwa amemshika mwenzake. Filimbi ikalia tena. Ilikuwa mbali zaidi. Walikuwa wanarudi kwetu, wanatupa mgongo.

"Baba yuko nao?" akaninong'oneza.

"Ndiyo. Lakini Baba amepoteza nyayo."

"Baba? Amepoteza nyayo?" Akanitazama kana kwamba nimemwambia Baba ameota mkia. Kisha macho yake yakashuka, yakaziona katambuga shingoni mwangu. "Hizo kakupa nani?"

"Baba. Nisichomwe na miiba."

Masanja akakaa chini. Akazishika zile katambuga, bado ziko shingoni kwangu, akaweka uso wake juu yake, akalia. Kwetu mwanaume halii mbele ya dada yake. Nilidhani ni woga, nami nikampapasa kichwani kama ninavyompapasa ndama. Alipotulia alivua zake, akavaa za Baba, zikamkaa sawasawa. Akamfungua Ruksa kamba shingoni. Alisema huyu atarudi mwenyewe kwa mwenzake, nikiongozana naye wataniuliza. Akanipa katambuga zake nizichome moto.

"Kabula, usimwambie Baba. Nife leo kama utamwambia."

Nikaapa. Akaondoka kwa kuruka juu ya mawe, upande wa barabara ya Bariadi, hakugeuka. Mimi nikazifunga zile katambuga tumboni chini ya gauni, na njia nzima ya kurudi nilikuwa na wazo moja tu, zito kuliko ndoo: Baba asijue. Ningemlinda Baba. Kwa shangazi hata sikufika.

Umati niliukuta shambani kwetu, kati ya malundo ya miti ya pamba. Baba alikuwa amesimama katikati, peku, amechomeka fimbo ardhini.

"Sema tena," Jilala alikuwa akisema. "Sijakuelewa."

"Nimesema mtoni nilikosea. Zilizunguka zikarudi hapa. Zimeishia kwangu."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengi. Jilala hakucheka, alitema mate. "Maduhu, wewe! Umetutoa majumbani na silaha, umewasimamisha wazee wa watu juani kama wezi, ili utuonyeshe shamba lako?" Baba akaitikia kwa kichwa. Wazee wa ng'ambo, waliokuwa wamevuka kuja kusikia, walishusha pumzi. Mmoja wao akamgusa Baba begani, akaenda zake. Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa aibu ya baba yangu.

Jua lilipokaribia kuzama, Ruksa akaja mwenyewe, anatafuna, hana kamba, akajisogeza ubavuni kwa Foleni. Hapo sasa ndipo kicheko kilipokuwa kicheko. Kumbe hata mwizi hakuwepo! Kumbe fundi wa nyayo kapotelewa na maksai aliyekwenda kutembea! Magunia ya mwizi yakawa macho ya mzee yaliyoona maruweruwe. Kufika siku ya mnada jina lilishakamilika: Mzee Zimeishia. Baba aliitikia. Waliomwita hivyo kwa kejeli aliwasalimia mwadila, akapita.

Jioni hiyohiyo alichoma miti ya pamba. Nilisubiri ageuke, nikazitupa katambuga za Masanja ndani ya moto. Moshi mweusi ukapanda, harufu ya tairi ikasambaa shamba zima, nami nikafa kwa hofu. Baba akakohoa. Akachukua mzigo wa miti, akautupa juu ya harufu ile, kisha mwingine.

Wala hakuniuliza katambuga zake. Nilishatunga uongo mzuri kabisa, wa tope na kamba kukatika, na nikautunza mpaka ukachacha. Hakuuliza. Alitembea peku mpaka alipochonga nyingine. Watu walipouliza habari za Masanja alisema, "Nilimpa ruksa, yuko Mwanza," na mimi nikamwonea huruma kwa jinsi asivyojua. Shuleni walinizomea kwa jina lake, nikapigana, nikarudi na gauni limechanika. Baba akaliangalia. "Wamekuita wewe au mimi?" akaniuliza, akacheka kweli, akanituma maji.

Miaka ikaenda hivyo. Nilikua msichana mkubwa, na siri yangu nikaibeba. Siku moja Masanja akarudi, amenenepa kidogo, suruali ya mkunjo, na mzigo mgongoni. Baba alikuwa kivulini mwa ukuta anachonga mpini. Masanja akapiga magoti mbali kidogo, hawezi kusogea. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji, nimesimama nipate kuingilia kati, nimzuie asiseme, nimlinde Baba mara moja ya mwisho.

Baba hakuinua macho kutoka kwenye mpini.

"Katambuga zangu umezileta?"

Masanja akafungua mzigo. Zilikuwa ndani ya kitambaa, zimepakwa mafuta. Baba akazipindua, akapitisha kidole kwenye soli taratibu, kama alivyopitisha kwenye vumbi maisha yake yote. "Hukuzitembeza sana," akasema, akazivaa. Kisha akanigeukia mimi, na ndoo yangu, na mdomo wangu uliokuwa wazi.

"Na wewe, miiba ilikuchoma siku ile?"

Niliweka ndoo chini, nikalia hadi Mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Minza alikuwa ameshazima gemu nilipofika hapo. Baba yake hakuwahi kumwambia, na najua kwa nini, ila nilimpigia simu kabla sijaanza kumsimulia, akasema, "Mwambie wewe, dada, mimi nitashindwa." Mtoto alikuwa amejikunja kwenye kiti, anatazama miguu yake.

"Kwa hiyo Babu alidanganya watu wote wale," akasema.

Hata mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu, kwamba ule ndio uongo pekee niliowahi kumsikia Baba akisema. Siku hizi siuoni uongo. Angezivusha mto, zingemuua mwanawe. Angeziacha kwa wazee wale, wangelipa wasichokula. Akazirudisha shambani kwake, akachomeka fimbo, akasema mbele ya watu zimeishia wapi.

"Hakudanganya," nikamwambia. "Ziliishia kwake."